Wafugaji wa nyikani walijenga dola, msiwaandike kama vumbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi kwenye gazeti kulitoka makala kuhusu migogoro ya wafugaji na wakulima, makala yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa nzuri tu, lakini kule mwishoni mwandishi akaweka sentensi moja ambayo imenikaa kooni mpaka leo, kwamba historia ya dunia inaonyesha wafugaji wanaohamahama hawajawahi kujenga chochote, kazi yao kuvamia na kuchoma halafu wanapotea kama vumbi, na mfano akawatoa Wamongolia wa Genghis Khan. Hapo ndo nimeshindwa kukaa kimya. Mimi ni mtu wa Kongwa, nimekulia nyuma ya ng'ombe, na habari za hizo dola za nyika za Asia nimezisoma miaka mingi kwa kuzipenda tu, hakuna aliyenituma. Nasema wazi, sentensi ile sio kweli, na inaumiza kwa sababu gazeti linasomwa na watu wanaopanga mfugaji akae wapi na apite wapi.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana bila kuijua ardhi hutaelewa kitu. Nyika ya Asia inaanzia Hungary huko Ulaya inakwenda mpaka Manchuria karibu na bahari ya mashariki, kama kilometa 8,000 hivi za majani tu, miti ya kuhesabu, mvua kidogo, na kule Mongolia baridi inashuka mpaka nyuzi hasi 40. Ukilima pale kwa jembe unakufa njaa. Kwahiyo watu wa pale hawakuhamahama kwa sababu hawajui kukaa, walihama kwa sababu majani yanaisha upande mmoja na yanaota upande mwingine, na kila ukoo ulikuwa unajua malisho yake ya kiangazi na malisho yake ya baridi, mtu haendi tu popote anapojisikia. Walifuga wanyama wa aina tano pamoja, farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na mchanganyiko huo una akili kubwa ndani yake. Theluji ikifunika majani, farasi anaiparua kwa kwato mpaka majani yanatokea, kondoo wanakuja nyuma yake wanakula palipofunuliwa, ng'ombe hajui kuparua hivyo, kwahiyo mwenye ng'ombe peke yake baridi ikikaza anabaki na ngozi. Mfugaji yeyote wa huku kwetu akisikia habari hiyo anaelewa mara moja anaongea na mwenzake. Hata damu, Marco Polo aliandika kwamba askari wa Kimongolia akiwa safarini bila moto anatoboa mshipa wa farasi wake anakunywa damu kidogo na safari inaendelea, sasa huku Wamaasai na Wabarbaig wanafanya hivyo hivyo kwa ng'ombe na mnyama anabaki mzima.

Sasa dola. Dola ya kwanza kubwa ya nyika inayojulikana vizuri ni ya Xiongnu, kaskazini ya China. Mwaka 209 KK kijana mmoja anaitwa Modu alichukua utawala akaunganisha makabila ya nyika nzima ile, akagawa nchi upande wa kushoto na upande wa kulia, na chini yake akaweka wakuu wa elfu, wa mia na wa kumi. Mwaka 200 KK mfalme wa China mwenyewe, mwanzilishi wa nasaba ya Han, alitoka na jeshi kwenda kumpiga, akazingirwa mlimani siku saba pale Baideng, akatoka kwa mazungumzo. Baada ya hapo China ikakubali kupeleka kila mwaka hariri, nafaka na pombe, na binti wa kifalme wa kuolewa. Kwa miaka zaidi ya 60 dola kubwa kabisa ya wakulima ililipa dola ya wafugaji ili mpaka utulie. Hao wanaitwaje watu wasiojenga chochote? Xiongnu walidumu karibu miaka 300 kwa jumla, wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe mwaka 48 baada ya Kristo, kusini wakaenda upande wa China na kaskazini wakaendelea kupigwa mpaka wakasambaratika.

Kuna swali watu hawaulizi, kwanini hawa wafugaji walikuwa wanashuka kuvamia? Jibu ni la kawaida sana. Mifugo inakupa nyama, maziwa, ngozi na sufu, haikupi nafaka, chuma wala kitambaa chepesi. Vitu hivyo viko kwa mkulima. Soko likiwa wazi mfugaji analeta farasi na ngozi anaondoka na nafaka, soko likifungwa anakuja na upinde. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Altan Khan, mtawala wa Kimongolia wa karne ya 16. Alituma wajumbe miaka na miaka kuomba afunguliwe soko la farasi mpakani, China ya nasaba ya Ming ikakataa na wajumbe wengine wakauawa, mwaka 1550 akafika na wapanda farasi wake mpaka nje ya kuta za Beijing na vijiji vya pembeni vikaungua. Mwaka 1571 wakakaa chini, masoko yakafunguliwa, akapewa na cheo, na mpaka ule uliokuwa unawaka moto kila mwaka ukatulia kwa muda mrefu. Ukuta walikuwa wanaujenga siku zote wala haukumzuia, yeye alitulia alipopata soko. Mwandishi wa makala ile, aliyeandika kurasa mbili juu ya migogoro ya Kilosa na Kiteto, angeanzia hapa badala ya kuanzia kwenye kuchoma.

Na sisi Dodoma tusijifanye mambo haya ni ya mbali. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikuwa lazima ipite Ugogo, nchi kavu, visima vinahesabika, na kila mtemi wa Kigogo alikuwa anatoza hongo ya kupita, vitambaa, shanga, waya, ndo wasafiri wanywe maji na kununua mtama. Wasafiri wa Kizungu nao walipita huko, Burton alipita 1857 akalalamika, Stanley alipita 1871 akalalamika zaidi. Wanaandika kana kwamba waliibiwa, lakini yule mtemi alikuwa na maji na alikuwa na njia, na alikuwa anafanya kile kile walichofanya watawala wa nyika kwenye njia ya hariri, kulinda njia na kulipwa kwa kuilinda. Msafara usiolipa hongo Ugogo ulikuwa unakaa na kiu, basi.

Waturuki wa kale ndo wamenifurahisha kuliko wote kwa sababu waliandika wenyewe. Dola yao ilianza mwaka 552 na iliwahi kutanda kutoka Manchuria mpaka karibu na bahari ya Caspian. Ikaanguka, ikainuka tena, na kwenye bonde la mto Orkhon huko Mongolia yapo mpaka leo mawe makubwa yaliyochongwa mwaka 732 na 735, kwa lugha yao na herufi zao, ambapo khan, yaani mtawala wao, anawasemesha watu wake. Anawaambia maneno ya Wachina ni matamu na hariri yao ni laini, na kwa utamu huo watu wa mbali wanavutwa karibu, wakishakaa karibu ndo wanaanza kupangiwa mabaya, na Waturuki wengi wamekufa hivyo. Mtu wa namna hiyo mnasema hana ustaarabu? Na tena yupo mshauri wao Tonyukuk, kumbukumbu za Wachina zinasema khan alitaka kujenga mji wenye kuta na mahekalu, Tonyukuk akamkatalia, akamwambia sisi ni wachache, hatufiki hata sehemu moja ya mia ya Wachina, kinachotuokoa ni kwamba tukiwa na nguvu tunatoka kupigana na tukiwa dhaifu tunajificha milimani na mabondeni, tukijifungia ndani ya ukuta siku moja tu tukishindwa tumekwisha wote. Kutokujenga ukuta lilikuwa jambo limekaliwa na kupimwa na watu wazima wenye akili zao. Mwandishi anaangalia mahali pasipo na ukuta anasema hapakuwa na akili, wakati waliokuwepo waliukataa ukuta kwa hoja.

Sasa niingie kwa hao Wamongolia waliotolewa mfano. Temujin alizaliwa karibu mwaka 1162, baba yake akalishwa sumu na mahasimu, ukoo ukamtelekeza mama yake Hoelun na watoto wadogo, wakaishi kwa mizizi na samaki na panya wa porini. Mtoto wa namna hiyo mwaka 1206, kwenye mkutano mkuu mtoni Onon, akatangazwa Genghis Khan. Na kitu cha kwanza alichofanya ni kupanga watu. Kitabu cha Wamongolia wenyewe cha karne ile kinataja wakuu 95 wa vikosi vya watu elfu elfu, na ndani yake mamia na makumi, na ujanja mkubwa ulikuwa kuchanganya makabila yaliyoshindwa, mtu hakai kwenye kumi na binamu zake, anakaa na watu wa koo nyingine, analala nao anakula nao anapigana nao. Vyeo akawapa watu kwa kazi yao, wachunga kondoo na watoto wa wahunzi wakawa majenerali, Subutai ni mmojawapo, na huyo ni katika majenerali wakubwa dunia hii imewahi kuwaona. Wamaasai wenye kuelewa mambo ya rika watakuwa wameshaelewa ninachosema, maana rika nalo linakata katikati ya koo na kuwaunganisha vijana wa kila boma.

Watafiti waliosoma pete za miti ya zamani kule Mongolia wakatoa matokeo yao 2014, wanasema miaka ya 1211 mpaka 1225 ilikuwa na mvua nzuri mfululizo na joto la kutosha, kitu adimu kabisa kwa nchi ile. Majani mengi ni farasi wengi, na askari mmoja wa Kimongolia alikuwa anatembea na farasi watatu mpaka watano wa kubadilishana, kwahiyo mvua ile iliingia moja kwa moja kwenye nguvu ya jeshi. Lakini tusiseme ni mvua tu, mvua ilishawahi kunyesha mara nyingi na Genghis Khan hakutokea.

Halafu waliojenga. Ogedei, mtoto wake, alipanga vituo vya posta kutoka upande mmoja wa dola mpaka mwingine, mjumbe anabadilisha farasi kila mwendo wa siku moja, mwenye kibao cha mamlaka shingoni anapewa farasi, chakula na pa kulala. Viongozi wa dini, masheikh, mapadri, watawa wa Kibuddha, walisamehewa kodi. Karakorum, mji mkuu uliojengwa 1235, padri William wa Rubruck alipofika 1254 alikuta mahekalu kumi na mbili, misikiti miwili na kanisa moja, na ndani ya jumba la khan kulikuwa na mti wa fedha uliotengenezwa na fundi wa kutoka Paris, unamwaga vinywaji vinne tofauti, kimoja kikiwa maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa. Na yupo shahidi ambaye sisi Watanzania tunamjua vizuri kuliko wote, Ibn Battuta. Huyu alifika Kilwa mwaka 1331 akaisifu, na miaka michache tu baadaye akawa kwenye kambi ya Uzbek Khan, mtawala wa Kimongolia wa upande wa Urusi, kaskazini ya milima ya Kaukazi. Anasema aliona mji mkubwa unakuja unatembea, na watu wake, misikiti yake na masoko yake, moshi wa majiko unapanda angani kwa sababu walikuwa wanapika huku magari ya kukokotwa yanakwenda. Walipofika mahali pa kukaa wakashusha mahema kutoka kwenye magari wakayasimamisha, na misikiti na maduka hivyo hivyo. Mtu yule yule, macho yale yale yaliyoiona Kilwa ya mawe, aliuona mji wa sufu na miti unaotembea na akauita mji.

Sifichi maovu. Kwenye miji ya Merv, Nishapur, na Baghdad mwezi wa pili 1258, Wamongolia waliua watu kwa idadi ya kutisha, khalifa wa mwisho wa Baghdad aliuawa pamoja nao, mifereji ya maji iliyolisha watu karne na karne iliharibika. Vita ya Khwarezm, dola ya Kiislamu ya Asia ya Kati, yenyewe ilianza kwa mtawala wa mji wake wa Otrar kuua msafara wa wafanyabiashara kama 450 mwaka 1218, na mjumbe aliyetumwa kudai haki akauawa naye, lakini malipo yake yalipita kiasi chochote cha haki na waliolipa wengi wao hata habari ya msafara hawakuijua. Hilo lisemwe. Ila Warumi walichoma Carthage na Korintho mwaka mmoja, 146 KK, na hakuna anayeandika gazetini kwamba Warumi hawakujenga kitu.

Kwanini zikaanguka, hapa ndo nataka tukae kidogo, maana "walipotea kama vumbi" ni maneno ya mtu ambaye hakutaka kutafuta sababu. Sababu ya kwanza na inayojirudia kila dola ni urithi. Nyikani mali ya baba ni ya watoto wote, kila mmoja ana fungu, na hakuna sheria moja inayosema nani anashika kiti. Huku kwetu mzee mwenye nyumba tatu akifariki kila mtu anajua shughuli inayofuata pale zizini, sasa weka badala ya zizi nchi kutoka Korea mpaka Ukraine. Attila, mtawala wa Wahun, watu wa nyika waliofika Ulaya, alikufa 453, watoto wake wakagombana, mwaka uliofuata makabila waliyoyatawala yakaasi na kuwapiga pale mto Nedao na dola ikaishia hapo. Ogedei alikufa mwezi wa kumi na mbili 1241 wakati jeshi la Batu, mjukuu wa Genghis Khan, limeshamaliza Poland na Hungary, na mwaka 1242 jeshi likarudi nyuma, wengi wanasema ni kwa ajili ya kugombea nani anafuata, wengine wanasema majani ya Hungary hayakutosha farasi, mimi naona yote mawili yana nguvu. Mongke, mjukuu mwingine aliyekuwa khan mkuu, alipokufa 1259 ndo mwisho wa dola moja. Ndugu zake wawili, Kublai na Ariq Boke, kila mmoja akatangazwa khan.

Vita vya hao ndugu wawili vinafundisha sana sisi tunaoishi mkoa wa makao makuu. Karakorum ilikuwa katikati ya nyika, haijilishi, mwandishi Rashid al-Din wa Uajemi anasema ilikuwa inapokea mikokoteni 500 ya vyakula na vinywaji kila siku. Kublai alikuwa ameshika China, kule chakula kinakotoka, akafunga njia, njaa ikaingia, na 1264 Ariq Boke akajisalimisha. Wakati huohuo upande wa magharibi Hulagu, ndugu yao mwingine aliyeiteka Baghdad, alikuwa anapigana na binamu yake Berke, mtawala wa Wamongolia wa upande wa Urusi, ambaye alikuwa ameshasilimu na alichukizwa na yaliyofanyika Baghdad. Kikosi kidogo alichokiacha Hulagu Syria kilipigwa na Wamamluki, watawala wa Misri, pale Ain Jalut Septemba 1260, na Hulagu mwenyewe kwenye barua yake ya 1262 kwa mfalme wa Ufaransa alieleza kwamba malisho yalikuwa yamekwisha ndo maana alitoa jeshi kubwa. Jeshi la wafugaji linaishia pale majani yanapoishia, hata liwe na majenerali gani.

Sababu ya pili ni wale waliokaa. Watoto na wajukuu wakaishi majumbani China na Uajemi, wakatoza kodi, wakasahau farasi. Uajemi mwaka 1294 wakajaribu kulazimisha pesa za karatasi pale Tabriz, wafanyabiashara wakafunga maduka, soko likafa, zikafutwa haraka, na mwaka 1335 Abu Said, khan wa huko Uajemi, akafa bila mtoto wa kiume na dola ikavunjika vipande. China wakachapa noti bila mpango, mto Manjano ukafurika, tauni na njaa zikaja, wakulima wakaasi kuanzia 1351, na 1368 khan wa mwisho alitoka Beijing usiku akarudi nyikani. Upande wa Urusi ndo walidumu zaidi, kutoka 1240 mpaka 1480 wakuu wa Kirusi walikuwa wanapeleka kodi. Hiyo ni miaka 240. Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani na Waingereza kwa jumla miaka kama 75 na bado tunaongelea athari zake, sasa dola ya miaka 240 inaitwaje vumbi?

Kilichokuja kuzima kabisa ni bunduki na mipaka. Upinde wa Kimongolia, wa mti, pembe na mishipa ya mnyama iliyogandishwa kwa gundi, ulitawala karne nyingi, lakini mizinga ya Ivan, mfalme wa Urusi, iliangusha Kazan, mji wa warithi wa Wamongolia mto Volga, 1552. Mwaka 1689 Urusi na China wakasaini mkataba Nerchinsk wakaanza kugawana mpaka, na mfugaji akajikuta katikati ya dola mbili zenye mizinga hana pa kuhamia. Wadzungari, dola ya mwisho kubwa ya nyika, walimalizwa na jeshi la China kati ya 1755 na 1759, mwandishi mmoja wa Kichina wa karne ya 19 anahesabu kwamba kila watu kumi, wanne walikufa kwa ndui, watatu waliuawa, wawili wakakimbilia Urusi na kwa Wakazakhi. Soma tena hesabu hiyo Mhariri. Hao hawakupotea, waliuliwa. Na 1771 Wakalmyk, wafugaji wenye asili ya Mongolia, waliokuwa wamebanwa na Urusi kule mto Volga waliondoka zaidi ya watu 150,000 na mifugo yao kurudi mashariki, na waliofika hawakuwa hata nusu.

Karne ya 20 ikaja na dawa ile ile ambayo makala yenu imeipendekeza, kwamba mfugaji akalishwe sehemu moja kwa lazima. Kazakhstan mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti ilichukua mifugo ya watu na kuwaweka kwenye mashamba ya pamoja, mifugo karibu yote ikafa, na watu kama milioni 1.5 wakafa kwa njaa. Mwaka 1954 ikaja amri nyingine ya kulima nyika ile ile kwa matrekta, mamilioni ya hekta, mavuno ya 1956 yalikuwa makubwa kweli watu wakashangilia, mwanzoni mwa miaka ya 60 upepo ukaanza kubeba udongo wenyewe. Sisi wa Kongwa hatuhitaji kwenda Kazakhstan kuelewa jambo hilo. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mradi wa karanga, wakaleta matrekta ya mabaki ya vita, wakahangaika na mibuyu, mvua haikufika kama walivyoandika kwenye karatasi, udongo jua likipiga unakuwa mgumu karanga hazing'oki, na 1951 wakafunga wakaondoka, mamilioni ya pauni yameisha. Leo nenda kaangalie kwenye ardhi hiyo kuna nini. Kuna ranchi, kuna ng'ombe wanakula majani.

Mongolia ya leo ni nchi huru yenye watu kama milioni 3.5 hivi na mifugo zaidi ya milioni 50, na sehemu kubwa ya familia za vijijini bado zinahama kwa msimu, hema lile lile la sufu, ila sasa pembeni kuna sola na pikipiki. Bado wana shida zao, kuna baridi ile ya mwaka mbaya ambapo theluji inayeyuka kidogo halafu inaganda kuwa barafu juu ya majani, hata farasi haiwezi kuiparua, msimu wa 2009 kuamkia 2010 walipoteza mifugo zaidi ya milioni 8. Serikali yao haikuwaambia waache kuhama. Ardhi ya malisho kule haiuzwi kwa mtu binafsi, katiba yao inakataza.

Ombi langu kwa gazeti ni mambo mawili. Ile sentensi isahihishwe, kwa maandishi yanayosomeka, sio kona ya chini ukurasa wa kumi na tisa. Na mkiandika tena juu ya wafugaji na wakulima wa mkoa huu na mikoa jirani, mwandishi aje mnadani, hapa Kongwa au Msalato, siku ya mnada akae kutwa nzima aangalie nani ananunua mahindi kwa nani na nani ananunua mbuzi kwa nani, awaulize wote wawili njia za mifugo zimefungwa lini na nani alizifunga, halafu aiweke hiyo habari pembeni ya habari ya Altan Khan na mwaka 1571. Akija nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wenu,
Kongwa, Dodoma